Kufundisha Modeli Kukadiria Sho: Mwongozo Kamili wa Ujifunzaji wa Mashine katika Tiba ya Kampo

Wanaoniuliza kuhusu kazi hii huja na habari zinazofanana. Wamepata data ya wagonjwa wa Kampo, tiba ya asili ya Japani, wamefundisha modeli, na kompyuta imewapa usahihi wa asilimia tisini na kitu. Wanapoijaribu kwa wagonjwa wa kliniki nyingine, modeli inabahatisha tu. Hapo wengi hukimbilia algoridhimu: wanaacha msitu nasibu (random forest), wanahamia mtandao wa neva, wanakodi kompyuta kubwa zaidi. Mambo hayabadiliki.

Kamba hukatikia pabovu, na hapa pabovu ni lebo: ile sho (hali ya mwili wa mgonjwa) ambayo daktari ameiandika kwenye faili, na namna ilivyofika pale.

Mwongozo huu unahusu modeli moja ndogo, ya kumsaidia daktari kukadiria kama mgonjwa ni kyo (dhaifu), jitsu (imara) au yuko katikati, kwa kutumia dodoso na vipimo vichache. Nimemlenga mtu anayeijua Python kiasi na amewahi kutumia scikit-learn, lakini hajawahi kukaa kliniki ya Kampo. Kama wewe ni daktari na Python huijui, tafuta mwenzako wa data. Ila hatua ya pili na ya tano zisome mwenyewe, usimwachie yeye.

## Istilahi za kushika kwanza

Sho ni hali ya mwili wa mgonjwa kwa wakati ule, na ndiyo inayoelekeza dawa. Watu wawili wenye mafua yale yale wanaweza kupewa dawa mbili tofauti. Mwenye mwili imara, anayehisi baridi, shingo imekaza na jasho halitoki, hupewa kakkonto. Aliye dhaifu, na jasho linamtoka lenyewe, hupewa keishito. Mtu aliyezoea kutabiri ugonjwa mmoja kwa jina lake hujikwaa hapa, kwa sababu jina la ugonjwa peke yake halitoshi kuchagua dawa.

Kyo ni mwili uliopungukiwa na nguvu. Jitsu ni mwili wenye nguvu na mapambano makali. Kan ni hali ya baridi, netsu ni ya joto. Halafu kuna ki, ketsu na sui, yaani nguvu ya uhai, damu na majimaji, ambavyo vinaweza kupungua, kukwama au kwenda ovyo. Damu iliyokwama huitwa oketsu.

Daktari hufika kwenye sho kwa njia nne: kutazama (boshin), kusikiliza na kunusa (bunshin), kuuliza (monshin) na kugusa (setsushin). Katika kugusa kuna fukushin, uchunguzi wa tumbo, ambao madaktari wa Japani wameutilia mkazo kuliko wenzao wa China.

Msomaji wa pwani aliyekulia kwenye mazungumzo ya vyakula vya baridi na vya moto atadhani kan anaijua tayari. Asiamini. Mgonjwa anaweza kuwa na miguu ya baridi na uso unaowaka kwa wakati mmoja, na daktari wa Kampo ana namna yake ya kuliandika hilo.

## Vitu vya kuandaa

- Daktari wawili wenye uzoefu wa Kampo, si mmoja. Watatu ni bora.
- Kliniki mbili, au kliniki moja yenye data ya vipindi viwili vilivyo mbalimbali.
- Dodoso la dalili lenye majibu ya kiwango, si ndiyo na hapana peke yake.
- Vipimo vya kawaida: urefu, uzito, shinikizo la damu, joto la mwili, umri, jinsia.
- Fomu ya fukushin yenye viwango vilivyoelezwa kwa maandishi.
- Kibali cha kamati ya maadili na utaratibu wa ridhaa. Kwa sheria ya Japani ya kulinda taarifa binafsi, historia ya ugonjwa ni taarifa nyeti inayohitaji uangalizi wa pekee, hata ukiwa mwanafunzi tu.
- Kompyuta ya kawaida yenye Python, pandas na scikit-learn. Kadi ya michoro huihitaji kama huchakati picha.

Kama una daktari mmoja tu, bado unaweza kujifunza, lakini modeli yako itakuwa nakala ya kichwa cha mtu mmoja. Iite hivyo kwenye ripoti.

## Hatua ya 1: Chagua swali moja dogo

Usianze na swali la dawa gani apewe. Bima ya afya ya Japani inalipia michanganyiko 148 ya Kampo iliyotengenezwa viwandani, na nyingi huandikwa mara chache sana. Ukiwa na wagonjwa 500 na dawa 148, zipo zitakazokuwa na mgonjwa mmoja au hata sifuri. Hakuna algoridhimu inayojifunza kutokana na mtu mmoja.

Anza na makundi matatu: kyo, katikati, jitsu. Timu ya Chuo Kikuu cha Keio iliyofanya kazi ya namna hii kwa dodoso la kompyuta nayo ilijikita kwenye sho za msingi kama hizi. Ukifaulu hapa, kan na netsu zifuate. Ki, ketsu na sui ziache mpaka uwe na data nyingi, maana mgonjwa mmoja anaweza kubeba mbili au tatu kwa pamoja.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika swali kwa sentensi moja: nani anatabiriwa, saa ngapi ya ziara, kwa taarifa zipi, na nani atayasoma majibu.

## Hatua ya 2: Pima kama madaktari wenyewe wanakubaliana

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo itakayokula muda wako mwingi. Sho haisomwi kwenye mashine kama sukari ya damu. Ni uamuzi wa mtu. Kama madaktari wawili wakimwona mgonjwa yule yule mmoja anasema kyo na mwingine jitsu, unataka modeli ijifunze kwa nani?

Fanya hivi. Waombe madaktari wawili wawachunguze wagonjwa wale wale, siku ile ile, bila kuambiana. Kila mmoja aandike lebo yake. Kisha usihesabu asilimia ya kukubaliana peke yake. Hesabu kappa ya Cohen, ambayo huondoa kukubaliana kunakotokana na bahati.

Tuchukue mfano wa kubuni wa wagonjwa 100. Kila daktari amewaita 60 katikati, 30 kyo na 10 jitsu. Wamekubaliana kwa wagonjwa 66. Asilimia 66 inaonekana si haba. Lakini kwa bahati tu wangekubaliana kwa 0.60 × 0.60 + 0.30 × 0.30 + 0.10 × 0.10, yaani 0.46. Kappa ni (0.66 − 0.46) ÷ (1 − 0.46), sawa na 0.37. Kwa kipimo cha Landis na Koch cha mwaka 1977, hicho ni kiwango cha "fair", yaani makubaliano ya kiasi tu. Wangekubaliana kwa wagonjwa 80, kappa ingepanda hadi 0.63, na hapo kuna kitu cha kufundishia.

Kwa kuwa kyo, katikati na jitsu zina mpangilio, tumia pia kappa yenye uzito. Kumwita mtu wa katikati jitsu ni kosa dogo. Kumwita kyo jitsu ni kosa kubwa, na hesabu yako ilionyeshe hivyo.

Kappa ikiwa ndogo, usiwalaumu madaktari. Wakalishe pamoja na mafaili ya wale waliotofautiana, uwaulize mmoja mmoja: ulitazama nini? Mara nyingi utagundua mmoja anapima kyo kwa umbo na misuli ya mgonjwa kwa ujumla, na mwingine kwa nguvu ambayo mwili unapambana nayo na ugonjwa wa siku ile. Shule zote mbili zipo ndani ya Kampo, hakuna iliyokosea. Ila ndani ya mradi wako lazima moja ichaguliwe, iandikwe kwenye kitabu cha lebo pamoja na mifano, kisha zoezi lirudiwe kwa wagonjwa wapya.

Kwa oketsu kazi ni nyepesi kidogo, kwa sababu Terasawa Katsutoshi aliunda kipimo cha alama: hadi 20 si oketsu, 21 hadi 39 ni oketsu, 40 na kuendelea ni oketsu kali. Ukikifuata unakuwa na lebo inayoweza kuhojiwa, hata kama hukipendi.

Jambo lingine la kukusaidia: toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, lina sura ya 26 ya tiba asili, zikiwamo zenye asili ya China ya kale kama Kampo. Toleo hilo lilianza kutumika rasmi Januari 2022. Andika msimbo wake kando ya kila lebo, ili kliniki nyingine ijue unazungumzia nini.

Onyo. Usiwaache madaktari waone lebo za wenzao kwenye faili la zamani kabla ya kuandika zao. Watakubaliana, na kukubaliana huko hakutakuwa na maana yoyote.

Utajua umefaulu kappa ya wagonjwa wapya ikifika karibu 0.6 au zaidi. Namba hiyo iweke ukutani. Modeli yako haitarajiwi kukubaliana na daktari kuliko daktari mwenzake anavyokubaliana naye. Ikifanya hivyo kwa mbali sana, shuku uvujaji.

## Hatua ya 3: Kusanya data kwa mpangilio wa saa

Mgonjwa ajaze dodoso kabla ya kumwona daktari. Vipimo vifanyike kabla. Daktari aandike fukushin, kisha lebo, kisha dawa, kwa mfuatano huo, na mfumo uhifadhi saa ya kila kitu. Ukiipuuza saa, hatua ya tano itakushinda.

Kwa dalili, tumia mstari wa milimita 100: mwanzo ni "sina kabisa", mwisho ni "kali kupita kiasi", na mgonjwa aweke alama. Swali la "unahisi baridi miguuni?" lenye ndiyo na hapana litakupa wanawake wengi wa Tokyo waliosema ndiyo mwezi Januari, na hutajua nani anasumbuka na nani anateta tu hali ya hewa. Kwa sababu hiyo hiyo, kusanya kwa mwaka mzima au angalau misimu miwili inayopingana.

Fukushin ndiyo data ngumu zaidi kuipata ikiwa safi. Kwa desturi ya Japani mgonjwa hulala chali miguu ikiwa imenyooshwa, ili mkazo wa misuli ya tumbo usomeke. Hospitali za kawaida humkunja magoti ili tumbo lilegee. Ukichanganya data za mikao miwili umeharibu safu nzima. Rekodi yafuatayo, kila kimoja kwa kiwango cha 0 hadi 3 chenye maelezo: nguvu ya ukuta wa tumbo, ukinzani chini ya mbavu (kyokyo kuman), ukinzani chembe ya moyo (shinka hiko), sauti ya maji tumboni, maumivu karibu na kitovu, na ulegevu wa tumbo la chini.

Picha za ulimi ziache kwa mradi wa pili, isipokuwa una vifaa. Rangi ya ulimi hubadilika kwa taa ya chumba, na simu hujirekebishia rangi bila kukuuliza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chiba walijenga kifaa maalumu cha kupiga picha ya ulimi chenye tufe la ndani linalosambaza mwanga sawasawa, ili mng'ao wa mate na mwanga wa nje visiingilie. Wewe ukilazimika kutumia simu, weka kadi ya rangi ndani ya kila picha, zima marekebisho ya rangi, na kata uso wote ubaki ulimi peke yake.

Ukitafsiri dodoso la Kijapani, mtu mwingine alirudishe kwenye Kijapani bila kuona la kwanza, kisha linganisha.

Utajua umefaulu ukichukua faili lolote na kuweza kusema kila safu iliandikwa saa ngapi, na nani, akiwa anajua nini.

## Hatua ya 4: Safisha bila kubuni

Jibu tupu si sifuri. Mgonjwa aliyeruka swali la usingizi hajasema analala vizuri. Tunza safu ya pili inayoonyesha kwamba jibu halikuwepo, na kujaza pengo (kwa wastani wa kati, kwa mfano) kufanyike ndani ya kila mkunjo wa mafunzo (data hugawanywa mafungu yanayopokezana kufundisha na kupima), si kwenye data nzima.

Maswali ya hedhi kwa wanaume yaandikwe "hayahusiki", kundi la pekee. Weka safu ya dawa za hospitali ambazo mgonjwa anatumia tayari. Anayemeza dawa ya shinikizo la damu atakuwa na mapigo na shinikizo ambavyo si vyake mwenyewe.

Usiwe na vigezo vingi kuliko wagonjwa wako wanavyoweza kubeba. Kwa regresheni ya lojistiki, wanatakwimu wamezoea kukadiria watu kama kumi wa kundi dogo kwa kila kigezo. Una jitsu 60? Chagua vigezo kama sita, kwa ushauri wa madaktari, kabla hujatazama matokeo.

## Hatua ya 5: Ziba uvujaji

Hapa ndipo asilimia tisini na kitu huzaliwa. Uvujaji ni pale modeli inapopata taarifa ambayo isingekuwepo wakati wa kutabiri. Kwenye data ya Kampo kuna mianya minne ninayoikuta tena na tena.

Dawa iliyoandikwa. Mtu anaacha safu ya dawa kwenye jedwali. Modeli inaona hochuekkito, inasema kyo, inapata sifa. Bila shaka! Daktari aliitoa kwa sababu ameshaamua ni kyo.

Jina la ugonjwa la bima. Huu ni mjanja zaidi. Japani, dawa inayodaiwa kwa bima lazima iambatane na jina la ugonjwa la tiba ya kisasa, na jina hilo linaweza kuwa limeandikwa baada ya dawa kuchaguliwa, ili vilingane. Linaonekana kama taarifa ya mgonjwa, kumbe ni kivuli cha dawa. Liondoe, au tumia yale tu yaliyoandikwa katika ziara zilizotangulia.

Mgonjwa yule yule pande mbili. Bi mmoja amekuja mara nane. Ziara sita zimeingia kwenye mafunzo, mbili kwenye majaribio. Modeli haijatambua sho yake. Imemkariri yeye kwa urefu na umri wake. Gawanya kwa namba ya mgonjwa, si kwa ziara. Kwenye scikit-learn tumia `StratifiedGroupKFold`, ukiipa namba ya mgonjwa kama kundi.

Daktari au kliniki. Kama daktari mmoja hupokea wazee na mwingine vijana, na kila mmoja ana tabia yake ya kuandika lebo, modeli itajifunza kumtambua daktari. Ondoa majina, vyumba na namba za fomu. Kisha tenga kliniki moja nzima pembeni tangu mwanzo, usiiguse mpaka hatua ya nane.

Jaribio la haraka la kunusa uvujaji: fundisha modeli kwa kigezo kimoja kimoja. Kikiwepo kimoja ambacho peke yake kinafikia karibu usahihi wote, mfuate daktari umuulize kiliandikwa lini.

Utajua umefaulu usahihi wako ukishuka. Ndiyo, ukishuka. Kutoka tisini hadi sitini na kitu ni habari njema, kwa sababu sasa unaona kazi yenyewe.

## Hatua ya 6: Weka kipimo cha chini

Kama asilimia 60 ya wagonjwa ni katikati, programu inayojibu "katikati" kwa kila mtu ina usahihi wa asilimia 60 na haina faida kwa yeyote. Ndiyo maana usahihi wa jumla haufai peke yake. Tumia usahihi uliosawazishwa: wastani wa mafanikio ndani ya kila kundi. Programu ile mvivu itapata asilimia 33.

Baada ya hiyo, fundisha regresheni ya lojistiki kwa vigezo vitatu tu: umri, jinsia na uwiano wa uzito kwa urefu, BMI. Usishangae ikifanya vizuri, maana umbo la mwili ni moja ya mambo ambayo daktari hutazama mgonjwa akiwa bado mlangoni. Kama modeli yako kubwa yenye vigezo vingi haiishindi hii ndogo, dodoso lako halijaongeza kitu.

## Hatua ya 7: Fundisha

Hii ni fupi, na ni haki yake iwe fupi.

Anza na msitu nasibu wa miti 500, ukiweka uzito wa makundi ili jitsu wachache wasimezwe. Jaribu pia miti ya kuimarishana hatua kwa hatua (gradient boosting). Tafuta mipangilio ndani ya uthibitisho mtambuka wa mikunjo mitano, na mikunjo ya kutafutia mipangilio iwe ndani ya ile ya kupimia. Tofauti ya algoridhimu mbili ikiwa ndogo, chukua iliyo rahisi kuielezea. Mtandao wa neva wenye kina kwa wagonjwa mia kadhaa na dodoso ni kujitafutia kukariri.

## Hatua ya 8: Pima pale mgonjwa anapoweza kuumia

Fungua sasa ile kliniki uliyoitenga, mara moja tu. Ukiifungua, ukarekebisha modeli, ukaifungua tena, imekwisha kuwa data ya mafunzo.

Chora jedwali la mkanganyiko, linalolinganisha lebo za daktari na za modeli, na utazame pembe zake mbili: kyo walioitwa jitsu, na jitsu walioitwa kyo. Pembe ya kwanza ndiyo ya hatari. Dawa za watu wenye nguvu, hasa zenye mao (mmea wa efedra, wenye efedrini), zikimfikia mtu dhaifu zinaweza kumletea jasho jingi, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi na tumbo kuvurugika. Kwa hiyo ripoti pembe hiyo kwa namba yake, usiifiche ndani ya wastani.

Toa na upana wa shaka. Kama una jitsu wanne kwenye majaribio na umewapata watatu, hiyo ni asilimia 75, na mgonjwa mmoja zaidi angekupa 100. Chagua upya wagonjwa wa majaribio kwa kuwarudisha, mara 2,000, hesabu kipimo kila mara, na andika kiwango ambamo asilimia 95 ya majibu yanaangukia.

Mwisho, angalia kama uwezekano unaotajwa ni wa kweli. Kusanya wagonjwa wote ambao modeli iliwapa kyo kwa uwezekano wa karibu 0.8. Je, karibu wanane kati ya kumi walikuwa kyo? Misitu nasibu huwa haifiki kwenye ncha. Rekebisha kwa `CalibratedClassifierCV`, kwa data ya mafunzo peke yake.

Utajua umefaulu kappa yenye uzito kati ya modeli na daktari ikikaribia ile uliyoiweka ukutani hatua ya pili, kwenye kliniki ambayo modeli haijawahi kuiona.

## Hatua ya 9: Uliza modeli imetazama nini

Vuruga kigezo kimoja kimoja kwenye majaribio, uone usahihi unashuka kiasi gani. Orodha inayotoka ipeleke kwa madaktari. Nguvu ya ukuta wa tumbo, BMI, uchovu, hamu ya kula: hivyo vinaeleweka. Mwezi wa ziara ukiwa wa tatu kwenye orodha, rudi hatua ya tatu.

Tahadhari: kigezo kuwa juu hakumaanishi kinasababisha sho. Kinamaanisha daktari wako hukitumia, au huandamana na kitu anachokitumia. Watu wa data husahau hili wakishaona mchoro mzuri.

## Hatua ya 10: Ipeleke kliniki, kimya kimya kwanza

Kwa miezi ya mwanzo modeli itabiri bila mtu kuona. Hifadhi majibu, linganisha na lebo za madaktari, tazama kama namba za hatua ya nane zinashikilia.

Zikishikilia, mwonyeshe daktari jibu baada ya yeye kuandika lake. Ukimwonyesha kabla, atavutwa upande wa mashine, na lebo mpya utakazokusanya zitakuwa mwangwi wa modeli yako. Uwezekano mkubwa kuliko yote matatu ukiwa chini ya 0.6, skrini iseme "haijulikani". Madaktari wakongwe wanaipenda zaidi programu inayokiri hivyo, wanafunzi huikasirikia.

Usalama wa dawa usiukabidhi kwa modeli. Andika kanuni ngumu kando yake. Kanzo, mzizi wa mmea uitwao likorisi, umo kwenye zaidi ya nusu ya dawa za Kampo, na unaweza kupandisha shinikizo la damu, kujaza maji mwilini na kushusha potasiamu. Shakuyakukanzoto ina gramu 6 za kanzo kwa siku, kakkonto ina 2. Mgonjwa akipewa zote mbili huku anameza dawa ya kukojoza, kengele ilie bila kujali sho yake. Vilevile shosaikoto haipewi mtu anayetibiwa kwa interferoni, kwa sababu ya homa kali ya mapafu ya aina ya intastishali, yaani uvimbe wa tishu zinazozunguka vifuko vya hewa. Mambo haya hayana uwezekano wa 0.7.

Kisheria, tangu Novemba 2014 programu inayojitegemea inaweza kuhesabiwa Japani kuwa kifaa cha tiba, na kupitia ukaguzi kama vifaa vingine. Utafiti wa ndani ni jambo moja, kuuza au kusambaza ni jingine. Na uamuzi wa mwisho wa uchunguzi, iwe na akili bandia au bila, ni wa daktari mwenye leseni.

Baada ya hapo, kila msimu rudia hesabu ya kappa kwa wagonjwa kadhaa wapya waliochunguzwa na madaktari wawili. Daktari mpya akiingia, apitie kitabu cha lebo kabla lebo zake hazijaingia kwenye data. Kappa ya modeli ikishuka na ya madaktari ikabaki palepale, zima skrini ufundishe upya. Zikishuka zote mbili, modeli iache kwanza. Wakalishe madaktari tena mezani na mafaili yao.